Strakti ya baiti 10 inayokula 24

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini strakti yako (kifurushi cha data chenye sehemu kadhaa) ya lugha ya C yenye herufi moja, namba ya biti 64, kisha herufi nyingine inakula baiti 24 wakati ukijumlisha unapata 10. Hizo 14 ni nafasi tupu. Kwenye mashine nyingi za biti 64, namba ya baiti 8 huanza kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, hivyo kompaila (programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine) huacha baiti 7 kabla yake, na 7 tena mwishoni ili strakti inayofuata kwenye safu nayo ikae sawa. Itangulize namba kubwa, utabaki na 16.

C hairuhusu kompaila ibadilishe mpangilio ulioandika. Lugha ya Rust inaruhusu, na kwangu huo ndio uamuzi sahihi. Mpangilio ushikiliwe pale tu data inapokwenda kwenye faili, kifaa au lugha nyingine.

Ila usitazame ukubwa tu. Prosesa nyingi za x86 (familia ya Intel na AMD) huvuta kumbukumbu kwa vipande vya baiti 64, kwa hiyo sehemu zinazosomwa pamoja zikae jirani. Na kama unapitia sehemu moja tu ya strakti milioni, itoe uipe safu yake yenyewe.