Kuwalisha wanakondoo wakati wa kiangazi: mgunga, lusina na mpungate

Sisi tunaofuga kondoo wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba na kumalizika Aprili, na baada ya hapo nyasi hukauka na kupoteza protini hadi zikabaki mashina matupu yasiyomshibisha hata kondoo mkubwa. Mwanakondoo anayezaliwa Agosti au Septemba huikuta hali hiyo. Katika ufugaji wangu nimeona kwamba mimea inayostahimili ukame inaweza kumkuza vizuri, mradi kila mmea utolewe kwa umri unaostahili, kwa kuwa tumbo la mwanakondoo halifanyi kazi kama la mama yake.

Mwanakondoo akizaliwa, tumbo lile kubwa la kuchachusha majani bado ni dogo na halijaanza kazi, na maziwa anayonyonya hulipita na kwenda tumbo la nne. Kwa hiyo katika majuma ya mwanzo anayehitaji malisho mbadala ni mama. Baada ya kuhakikisha kwamba mtoto amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, katika saa za kwanza, nguvu zangu zote nazielekeza kwa jike anayenyonyesha, nikimpa majani ya lusina na glirisidia, miti ya malisho ya jamii ya kunde, juu ya nyasi kavu ili maziwa yasikatike. Majani mabichi ya glirisidia yana harufu ambayo kondoo wengi huikataa, lakini yakinyaushwa kivulini kwa siku moja huyala bila shida.

Kuanzia juma la pili au la tatu mwanakondoo huanza kudonoa chakula kigumu, na hapo ndipo maganda ya mgunga yanapokuwa hazina kubwa, nami siachi kusikitika ninapoona miti hiyo ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Maganda hayo huanguka yenyewe wakati wa kiangazi, yana protini nyingi kuliko nyasi kavu, na kuyapata ni kazi ya kuokota tu. Hata hivyo, mbegu zake zina ganda gumu, na akila maganda mazima nyingi hutoka kwenye kinyesi kama zilivyoingia. Kwa hiyo ni lazima yatwangwe kwenye kinu au yasagwe mashineni. Mimi huchanganya unga huo na mashudu kidogo ya alizeti, ambayo huku kwetu hayakosekani, na kuuweka kwenye kizizi chenye uwazi mwembamba unaowaruhusu watoto kuingia huku ukiwazuia mama zao. Huanza na ukonzi mmoja na kuongeza polepole, na mabaki ya jana huyaondoa kila asubuhi, kwa kuwa chakula kilichovunda huharisha.

Lusina inahitaji uangalifu zaidi. Majani yake yana mimosini, sumu inayoweza kusababisha manyoya kunyonyoka na mnyama kudumaa, na mwanakondoo ambaye vijidudu vya tumboni mwake havijakomaa hana kinga ya kutosha. Ninasubiri hadi akaribie kuachishwa kunyonya, kati ya miezi 3 na 4, na hata hapo lusina haizidi theluthi moja ya chakula chake chote.

Mpungate, mmea wa jamii ya kaktasi, nao huwafaa walioachishwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mmea huo ni maji, jambo lenye thamani pale ambapo lambo limekauka na kisima kiko mbali. Miiba yake huchomwa kwa moto na vipande hukatwa vyembamba, kisha hutolewa baada ya kondoo kula nyasi kavu, kwa sababu ukiliwa peke yake hulainisha kinyesi na hauna protini ya kutosha kumkuza mnyama.

Mtama pia hustahimili ukame, lakini machipukizi yake baada ya mavuno yana sumu ya sianidi inayoweza kumuua kondoo kwa muda mfupi, kwa hiyo wanakondoo wasiachiwe kamwe kwenye shamba lililochipua.

Anayeanza mwaka huu aanze na maganda ya mgunga, kwa kuwa miti ipo tayari, na mvua za Desemba zitakaponyesha apande lusina na glirisidia pembezoni mwa shamba, akiizungushia matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi wakiifikia ikiwa bado michanga, kiangazi kitakachofuata hakutakuwa na jani la kuvuna.