Kongamano kubwa la teknolojia ya elimu: nendeni na swali moja la darasani

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama inafaa shule yenu itumie nafasi zake mbili za mafunzo za mwaka mzima kwa kongamano moja kubwa la teknolojia ya elimu, na kama inafaa, waende kina nani. Mimi nimekwenda mara mbili, makongamano mawili tofauti. La kwanza liliipa shule hasara. Kutoka la pili tulipata kitu tunachokitumia mpaka leo. Nakueleza yote mawili.

Mara ya kwanza niliteuliwa siku chache kabla ya safari, nikaagizwa tu nikaangalie kuna nini kipya. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na mamia ya mabanda, na kila banda lilikuwa na skrini kubwa, mtu mchangamfu, na habari za shule fulani iliyobadilika kabisa. Siku ya pili nikasimama mbele ya programu ya kufundisha kusoma. Mtoto anasoma kwa sauti, programu inamsikiliza, inamrekebisha, kisha inamchagulia kitabu kinacholingana na uwezo wake. Nilivutiwa mno. Nikampigia simu mwalimu mkuu palepale, na mwezi uliofuata tukalipia leseni ya mwaka mzima.

Kumbe programu ile ilimtaka kila mtoto aingie kwa akaunti yake, dakika 20 kila siku. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kompyuta, shule nzima inakigombania. Watoto 30 wakisoma kwa sauti kwa pamoja, maikrofoni zinachanganya sauti, zinamsahihisha huyu kwa kosa la jirani yake. Nusu ya kipindi ilikwenda kwenye nywila zilizosahaulika. Leseni ikaisha hatujaitumia hata robo. Fedha zile zingenunua vitabu, na jambo hilo linaniuma hadi sasa. Programu yenyewe haikuwa mbovu. Nilikwenda pale bila tatizo letu mkononi, muuzaji akanipa tatizo lake, kisha akaniuzia na dawa yake.

Mara ya pili ilikuwa kongamano la ISTE, Philadelphia, Juni 2019. ISTE ni jumuiya ya kimataifa ya walimu na viongozi wa shule wanaoshughulika na teknolojia, makao yake Marekani, na kongamano lake la kila mwaka hukusanya watu zaidi ya elfu kumi. (BETT ya London, ambayo kwa kawaida hufanyika Januari, nayo ni kubwa sana, ila chimbuko lake ni maonyesho ya bidhaa, kwa hiyo mkienda huko jiandaeni zaidi kwa wauzaji.) Safari hii tulikaa na walimu wa lugha mwezi mmoja kabla na tukakubaliana swali moja: insha zinakaa mezani kwetu wiki tatu, mwanafunzi anarudishiwa akiwa ameshasahau alikuwa anajaribu kusema nini. Tufanyeje masahihisho yamfikie mapema?

Swali lile ndilo lililonipangia siku zangu. Kwenye kongamano kama hili makumi ya vipindi huendeshwa saa ileile, na ukienda bila dira utafuata vichwa vya habari vinavyong'aa. Mimi nilikuwa natazama kwanza mtoa mada ni nani kabla ya kusoma mada yake: anafundisha, au ameajiriwa na kampuni? Vipindi vilivyodhaminiwa huandikwa hivyo kwenye ratiba, kwa herufi ndogo. Hotuba kubwa za ukumbini zinatia moyo, lakini moja inatosha.

Mahali ambapo ningekaa siku zote nne ni kwenye mabango. Sizungumzii mabango ya matangazo. Ni meza ndogo zilizopangwa safu kwa safu, na kila meza ina mwalimu, mara nyingine pamoja na wanafunzi wake, anayeonyesha kazi waliyoifanya darasani. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Unasimama, unauliza, anakujibu, na ukimwuliza "nini kilishindikana?" anakwambia, kwa sababu hana cha kukuuzia. Pale nilimkuta mwalimu wa lugha aliyekuwa ameacha kuandika maoni marefu pembeni ya insha. Anapigia mstari sehemu tatu tu, anazipa namba, kisha anajirekodi kwa sauti dakika mbili akizieleza. Mwanafunzi anasikiliza huku karatasi iko mbele yake, anaandika upya aya moja siku hiyohiyo. Alinisikilizisha rekodi moja ambayo haikuwa na jina la mtoto. Kifaa alichotumia ni simu ya kawaida na programu ya kurekodi iliyokuja nayo. Nilisimama pale karibu saa nzima, na kama ningekuwa nimetumwa kuangalia vitu vipya ningempita.

Mabandani bado mtapita, na ni sawa, ila pitieni na maswali. Intaneti ikikatika, inaendelea kufanya kazi? Taarifa za watoto zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na mkataba ukiisha zinafutwaje? Bei ya mwaka wa tatu ni ipi? Tunaweza kuijaribu na darasa letu kabla ya kulipa? Na utafiti anaokuonyesha, nani aliufanya? Ukiambiwa kwamba vifaa peke yake vinapandisha ufaulu, kumbuka Peru. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa matokeo ya utafiti katika shule 319 za msingi za vijijini, zilizofikiwa na mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto na ambazo hazikufikiwa. Katika zilizofikiwa, kompyuta ziliongezeka kweli na watoto walizitumia, lakini alama za hisabati na lugha hazikubadilika. Tena, msikubali kila banda liskani beji zenu. Beji ina barua pepe zenu, nanyi mtatumiwa matangazo miezi na miezi.

Waende nani? Mwalimu mmoja wa darasani na mwalimu mkuu. Walimu wawili peke yao watarudi na mawazo ambayo hawana mamlaka ya kuyapangia muda, na viongozi wawili wataletea walimu kitu ambacho hawakukiomba. Mimi na mwalimu mkuu wetu tulitengana mchana, jioni tunakaa nusu saa, kila mtu anataja jambo moja tu linalogusa swali letu. Siku ya tatu mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyesema tusinunue chochote.

Tuliporudi, mwalimu mkuu alitutengea chumba kimoja chenye utulivu cha kurekodia, na walimu watatu wakajaribu njia ile ya sauti muhula mmoja. Wawili walianza kurudisha insha ndani ya siku tano. Wa tatu alisema kalamu yake ina kasi kuliko ulimi wake, akarudi kwenye kuandika, ila akabaki na zile sehemu tatu zenye namba, na wanafunzi wake nao sasa wanaandika upya aya moja kila insha inaporudi.