Ni nyota ipi hasa inayotoa eksirei?

SWALI: Nimesoma kwamba darubini ya Chandra imeona mamia ya vyanzo vya eksirei katika galaksi ya Andromeda. Wanaastronomia hujuaje ni nyota ipi, katika picha ya nuru ya kawaida, iliyo chanzo cha eksirei hizo? Je, haitoshi kuweka picha mbili moja juu ya nyingine?

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji, ingawa kazi huanzia hapo. Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, huona kwa ukali wa takriban nusu sekunde ya tao, yaani nusu ya sehemu moja kati ya 3,600 za nyuzi moja. Kipimo hicho ni kidogo mno angani, lakini kwa umbali wa Andromeda, ambao ni kama miaka ya nuru milioni 2.5, nusu sekunde ya tao ni upana wa miaka ya nuru 6 hivi, na ndani ya duara la namna hiyo darubini ya Hubble inaweza kuonyesha nyota kadhaa zilizosongamana.

Kwa hiyo kwanza picha hizo hulinganishwa kwa kutumia vitu vinavyoonekana katika zote mbili, hasa mafungunyota ya mviringo na galaksi za mbali, ili duara la shaka lipungue. Kisha hupimwa uwezekano wa sadfa: orodha yote ya vyanzo husogezwa kando kidogo kwa makusudi, na idadi ya nyota zinazoangukia ndani ya maduara hayo ya uongo huhesabiwa. Ikiwa idadi hiyo inakaribia ile ya mwanzo, basi ulinganifu uliopatikana hauna thamani kubwa. Ningependa kila mtafiti afanye jaribio hili kabla ya kutangaza lolote.

Baadhi ya vyanzo si vya Andromeda kabisa, bali ni kwaza, yaani viini ving'aavyo sana vya galaksi zilizo mbali sana nyuma yake, na spektra zao (nuru yao iliyotawanywa kwa rangi) huzifichua kwa kuwa mistari iliyomo imesogea mno kuelekea upande wa nyekundu.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni mwenendo. Katika galaksi jirani ya M33, chanzo kiitwacho X-7 hufifia kila baada ya siku 3.45, kwa sababu nyota kubwa ya buluu hupita mbele ya shimo jeusi linalozungukana nayo. Na nuru ya nyota iliyo mahali hapo nayo hubadilika kwa kipindi hicho hicho. Mahali pamoja na kipindi kimoja haviachi nafasi kubwa ya sadfa.

Ugumu uko pale nyota mwenzi, yaani ile inayozungukana na shimo jeusi au nyota ya nyutroni (kiini kizito mno cha nyota iliyokufa), inapokuwa ndogo na hafifu, isiyoonekana hata kwa Hubble. Hapo watafiti husubiri chanzo kilipuke kwa eksirei, wakapiga picha mara moja, wakaipiga tena miezi kadhaa baadaye, kisha wakatoa ya pili kutoka ya kwanza. Nukta inayobaki, ikiwa imo ndani ya duara, ndiyo nuru ya gesi iliyokuwa ikiangukia shimo jeusi au nyota ya nyutroni.