Besi akiogelea akaenda zake, bado hajapona

Nilimjua yule besi, samaki wa mdomo mpana anayevuliwa maziwani na mabwawani, kwa mkia. Upande wa chini ulikuwa na pengo kama umekatwa na mkasi, na siku moja kabla nilikuwa nimemshika kwa mikono yangu nikalitazama lile pengo nikajiuliza nani kamng'ata. Sasa alikuwa anaelea kwenye matete, tumbo juu, jicho limeshaingia weupe. Yule besi nilimuachia mwenyewe, alipiga mkia mara mbili akazama freshi kabisa na mimi nikaenda nyumbani roho yangu nyeupe nikijua nimefanya jambo la maana.

Tangu siku ile ndo nikaanza kuufuatilia huu uvuvi wa kiangazi kwa makini, manake niligundua wengi wetu tunaovua besi kwa kujifurahisha na kuwarudisha majini tunapima mambo kwa kitu kimoja tu, ameondoka au hajaondoka. Jamani, kuondoka sio kupona. Samaki aliyechoka sana anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako halafu akafa baada ya masaa au hata siku mbili tatu, huko chini ambako humuoni. Mimi nilibahatika kumuona wangu kwa sababu upepo ulimsukuma kwenye matete.

Sasa tuelewane kwanza kinachotokea kwenye maji ya moto. Maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo. Maji baridi ya nyuzi joto 10 za Selsiasi yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 11 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama 7 na nusu hivi, na hapo ndo yameshiba, yakiwa yametulia na yamejaa uchafu unaooza ni chini ya hapo. Wakati huohuo samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji, kwahiyo maji yakipata moto na yeye anahitaji oksijeni zaidi. Yaani matumizi yanapanda na mfuko unapungua kwa wakati mmoja. Halafu hapo ndo unamtia ndoana anapigana dakika nzima au zaidi, misuli inajaa asidi, kisha unamtoa nje kabisa akapigiwe picha.

Makosa yangu ya siku ile niyaseme yote. Nilivua saa saba mchana jua la utosi. Nilitumia mshipi mwembamba kwa sababu nilipenda yule samaki anavyovuta, basi nikawa namuachia anakwenda namrudisha, anakwenda namrudisha, mpaka akalala ubavu. Nikamuweka kwenye tanki la boti, lile la kuwekea samaki hai, nikafunga kifuniko, pampu ya kuleta hewa sikuwasha, nikasubiri mwenzangu aje apige picha. Alipokuja nikamshika na taulo kavu asiteleze. Picha ilitoka nzuri sana, ninayo mpaka leo, na kila nikiitazama naona lile taulo.

Ule utelezi wa samaki sio uchafu, ndio unaozuia fangasi na bakteria wasiingie mwilini, na kwenye maji ya moto hao wadudu wanazaliana haraka kuliko kawaida. Ukimpangusa na kitambaa kikavu au ukamlaza kwenye sakafu ya boti iliyochomwa na jua umemvua nguo ya kinga. Siku hizi nalowesha mikono kwanza kabla sijamgusa, na kile kimia cha kamba zenye mafundo nimeachana nacho, natumia cha mpira, hakikwangui magamba wala hakichani mapezi.

Na mshipi mwembamba nimeacha. Hili watu wananibishia, wanasema mshipi mnene unamuua ladha ya mchezo, mimi nasema kiangazi mchezo uwe mfupi. Fimbo ngumu, mshipi wa nguvu, samaki anafika mkononi akiwa bado na hasira. Kimwiba cha nyuma cha ndoana nakibana na koleo kinalala, ndoana inatoka kwa kugeuza mkono mara moja tu, na namtoa akiwa bado ndani ya maji pembeni ya boti, mara nyingi hata simnyanyui.

Nikitaka picha, kamera inakuwa tayari kwanza ndo samaki anatoka, na nahesabu mpaka kumi anarudi majini. Ukiangalia matamvua yake ndani ya maji utaona yale manyuzinyuzi mekundu yamesimama yamejitawanya, kila moja peke yake. Mtoe nje uone, yanalala yanashikamana kama nywele zilizolowa, hapo hawezi kuvuta chochote hata kama amezungukwa na hewa tupu. Kumbuka ndo kwanza ametoka kwenye mbio ndefu. Na yule mkubwa usimning'inize kwa taya kama nguo kwenye kamba, wala usimlaze mlalo kwa kushika taya peke yake, uzito wote unaenda kwenye ule mfupa na taya ikiumia atakula vipi? Mkono mmoja mdomoni, mwingine chini ya tumbo.

Kuna wanaomsukuma mbele na nyuma wakati wa kumuachia, mimi pia nilifundishwa hivyo. Matamvua yameumbwa maji yaingie mdomoni yatokee pembeni, ukimvuta kinyumenyume humsaidii kitu. Mshike tu ametulia wima, akitaka kuondoka utamsikia mkononi.

Kuhusu muda wa kuvua, wote tunajua alfajiri na jioni ndo wakati wao, jua likipanda wanajificha chini ya magugu maji, chini ya miti iliyoanguka na kwenye kivuli cha gati. Chambo bandia cha chura kinachotembea juu ya magugu alfajiri kinafanya kazi ajabu, maji yanapasuka unashtuka mwenyewe. Ila kuna kitu nilichelewa kukijua: kwenye bwawa dogo lililojaa magugu, alfajiri ndo oksijeni iko chini kuliko muda wote, kwa sababu usiku mimea haitengenezi oksijeni, nayo inapumua inaimaliza ileile. Kwahiyo maji yamepoa lakini hewa imekwisha. Kwenye bwawa la aina hiyo nasubiri jua litoke kidogo, kwenye ziwa kubwa lenye upepo naingia giza bado halijaisha.

Wengine kiangazi wanawafuata kina kirefu, na kweli wapo, ingawa kwenye maziwa mengi yale maji ya chini kabisa yanakuwa hayana oksijeni kwahiyo samaki wanakaa katikati, ukienda chini sana unapoteza muda. Shida ya kina ni kibofu cha hewa. Kibofu cha besi hakina njia ya kutokea mdomoni, hawezi kucheua hewa. Ukimvuta kutoka mita 10 ile hewa inatanuka mara mbili, unamuona tumbo limevimba, anaelea hawezi kuzama, na jua linamchoma mgongo. Wapo wanaomtoboa kwa sindano, ni kazi ya mtu aliyefundishwa akafundishika, mimi sigusi, ukikosea kidogo umetoboa ini au utumbo. Ninachofanya ni kubana kibanio kwenye mdomo wake wa chini, nafunga chubwi zito, namshusha taratibu mpaka kina alichotoka, halafu navuta kwa nguvu kibanio kinaachia. Ila bora zaidi nikiona wawili wamekuja wamevimba nahamia sehemu ya kina kifupi.

Tanki la boti sasa. Kama hakuna lazima usimuweke, muachie palepale. Kama ni mashindano na lazima apimwe, basi pampu iwake muda wote isizimwe hata dakika, kadiria lita 8 za maji kwa kila kilo ya samaki, badilisha maji mara kwa mara kwa sababu mle ndani hewa chafu wanayotoa na uchafu wao vinajaa. Maji yapoze kwa chupa zilizogandishwa, usimwage barafu yenyewe manake maji ya bomba yana klorini. Na usipoze kupita kiasi, nyuzi 3 mpaka 5 chini ya maji ya ziwa inatosha, ukimtoa kwenye baridi kali ukamrudisha kwenye moto umemuongezea mshtuko mwingine. Ray Scott, mwandaaji wa mashindano ya kuvua besi, alipoanza kuhimiza wavuvi wa mashindano yake kule Marekani mwaka 1972 wawarudishe besi wakiwa hai, haya matanki yenye pampu ndo yakaanza kuwa muhimu, na mpaka leo kiangazi ndo mtihani wake mkubwa.

Nawaelewa wanaosema basi tuache kabisa kiangazi, lakini na mimi navua, sitawadanganya. Samaki wakubwa wapo. Rekodi ya dunia, kilo 10 na kidogo, George Perry aliipata jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na Manabu Kurita akaifikia ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009. Miezi ya moto yote miwili. Na hapohapo Biwa sheria inakataza kumrudisha besi majini kwa sababu sio samaki wa asili pale na anamaliza samaki wa kwao, kwahiyo kabla hujaanza kuachia samaki jua kwanza sheria ya maji unayovua, kuna mahali kumuachia ndo kosa.

Akimeza ndoana mpaka ndani kooni usichokonoe. Kata mshipi karibu na ndoana umuachie, kuchimba na koleo kunachana zaidi ya ile ndoana yenyewe. Ndo maana kwa chambo laini sisubiri, nikisikia tu kaguso navuta hapohapo, wengi wanashikwa mdomoni.

Kitu ninachobeba siku hizi kuliko vyote ni kipimajoto kidogo kwenye kamba ya mita moja na nusu. Nakitumbukiza kabla ya kurusha. Chini ya nyuzi 25 navua bila wasiwasi, zikipita 27 navua masaa machache na tanki silitumii kabisa. Juzi saa mbili asubuhi kilisoma 31, na magugu yalikuwa yanatikiswa na samaki mkubwa hatua kama ishirini kutoka kwenye boti. Nilikaa nikamtazama anakula mpaka jua likapanda, fimbo ikiwa imefungwa.