Usipime ubongo unavyodhibiti damu yake bila kurekodi CO2, mimi yamenikuta

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema unataka kuona ubongo unavyodhibiti damu yake presha inapobadilika, una mashine ya dopla ya kichwani (ile inayopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo) na kipimo cha presha cha kidoleni, utawalaza wagonjwa 30 wa shinikizo la damu dakika tano kila mmoja, na kaboni dayoksaidi (CO2) ya pumzi zao utaiacha "kwa sababu wote wanapumua hewa ya kawaida." Maneno hayo hayo niliambiwa na mimi. Yalinila miezi saba.

Nilikuwa na watu 26, nusu wagonjwa wa presha, nusu wazima. Probu ya megaherzi 2 kwenye panja, natafuta mshipa wa kati wa ubongo kwenye kina cha milimita 50 hivi, mkono umewekwa usawa wa moyo, kila kitu safi. Siku ya uchambuzi, wagonjwa wakatoka na ubongo unaodhibiti damu vizuri kuliko wazima! Msimamizi wangu akafurahi, akasema tuandike haraka. Kwenye utetezi mtahini akauliza swali moja tu: CO2 yao ilikuwa ngapi?

Sikuwa na jibu. Ila nikamkumbuka mama mmoja: mkanda umembana kichwa, jeli ya baridi inamchuruzika shavuni, kidole kinaminywa, na mkono wa pili ameng'ang'ania chuma cha kitanda. Kifua kinapanda na kushuka upesi upesi. Kwenye daftari nilimwandikia "ametulia", kwa kuwa presha yake haikuyumba. Wale wazima walikuwa wanafunzi wenzangu waliozoea mashine, wengine nusura wasinzie.

Sasa elewa kinachotokea. Mtu akihema sana, CO2 kwenye damu inashuka, vijishipa vya ubongo vinajikaza, na mshipa uliojikaza hujibu mabadiliko ya presha upesi zaidi. Kwenye grafu, wimbi la damu ya ubongo linatangulia wimbi la presha kwa nafasi kubwa, nawe unasema huyu ana udhibiti mzuri. CO2 ikipanda ni kinyume chake, vijishipa vinalegea na udhibiti unadhoofika. Na kila milimita moja ya zebaki ya CO2 inabadilisha kasi ya damu kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Hofu ikishusha milimita 5 tu, umepoteza asilimia 15 hadi 20 ya kasi, halafu lawama unaitupia presha. Kumbuka pia dopla inapima kasi, haipimi kiasi cha damu.

Nilichopima mimi ilikuwa hofu ya wagonjwa. Na pumzi iliyotoka imetoka, huwezi kurudi kuipima. Msimamizi aliyesema haina ulazima hakumpigia simu mgonjwa hata mmoja kumwomba arudi. Nilipiga mimi. Walirudi tisa. Bado inaniuma, na kabla hamjaniambia ningesoma makala kwanza: nilisoma, nikamwonyesha, akasema hayo ni ya maabara za matajiri.

Kwa hiyo pima CO2 kwa kimpira cha puani, si barakoa ya kubana, maana barakoa yenyewe inamfanya mtu aheme. Mwache alale dakika 10 hadi 15. Usibonyeze kitufe cha kurekodi mpaka namba ya CO2 mwisho wa pumzi itulie, kisha irekodi pumzi kwa pumzi mpaka mwisho. Hewa inachelewa sekunde kadhaa ndani ya mpira, kwa hiyo sawazisha muda kabla ya kuchambua.

Uliuliza njia ipi bora ya kupima: kulala tu, kuchuchumaa na kusimama, au mikanda ya mapajani inayoachiliwa ghafla ili presha ishuke, kama alivyofanya mtafiti Aaslid mwaka 1989. Yoyote, mradi CO2 ipo. Kuchuchumaa ndiko kunakovuruga pumzi zaidi, basi huko ndiko usithubutu bila hiyo. Dakika tano ndicho kiwango cha chini kwenye mwongozo wa 2016 wa CARNet, mtandao wa watafiti wa udhibiti wa damu ya ubongo, na mwongozo huo huo unataka CO2 irekodiwe. Uchapishe, umpelekee msimamizi wako mkononi.

Kapnografu, yaani mashine ya kupima CO2 kwenye pumzi, kama hamna, nenda kwa watu wa usingizi chumba cha upasuaji, wao wanaitumia kila siku. Waombe ya akiba kwa siku za Jumamosi. Usimlaze mgonjwa wa kwanza kabla hujaipata.