Mshukuru sista kwa maandishi

Dada mmoja wa Buswelu, hapa Mwanza, ameniandikia juzi. Kaka yake alichomwa kisu kwenye ugomvi wa kilabuni, amepona, na sasa ukoo unajadili uwapelekee nini wahudumu waliomwokoa. Wamefikiria keki na soda. Dada yangu, keki si mbaya, lakini nisikilize kwanza, maana jambo hili nililikosea kwa miaka 2.

Mdogo wangu ni bodaboda. Usiku mmoja alishusha abiria Igoma, akasimama gizani kupokea simu, mtu akapiga yowe la mwizi. Mnajua kinachofuata. Mawe, marungu, mateke. Aliyemwokoa ni mama muuza samaki wa kukaanga, aliyemlalia mwilini huku akilia, "Huyu namjua mimi!" Zahanati ya kwanza walisema hawamgusi bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nikakimbilia polisi fulana imelowa damu yake, na hadi leo nikipita mlango ule roho inaniuma. Mgonjwa wa dharura huhudumiwa kwanza, fomu ikafuata. Usiku ule mimi sikulijua hilo. Wao walipaswa kulijua.

Tulipofika hospitali kubwa, watu kwenye benchi wakanong'ona: kibaka huyo. Sista wa zamu akainama sikioni mwake, akamuuliza jina, na tangu hapo hadi kunakucha akawa anamwita kwa jina hilo, kila akibadilisha dripu, kila akimfuta damu. Ndugu wa mgonjwa mwingine alipouliza kwa nini anahangaika na mwizi, alijibu bila hata kugeuka: "Hapa nina wagonjwa tu." Mama yetu alifika alfajiri kutoka Magu. Kiswahili kilimpotea, akamshika sista mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, wabeja sana."

Baada ya wiki 5 tukaruhusiwa. Nikajiambia mwezi ujao nitarudi kumshukuru. Sikurudi. Niliona aibu kwenda mikono mitupu, kumbe aibu ilikuwa kutokwenda.

Mwaka huu, tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, nimepeleka barua kwa mganga mfawidhi, na nakala kwa muuguzi mkuu. Nimeandika tarehe, wodi, zamu, na maneno yale aliyoyasema. Imesomwa mbele ya wenzake kwenye kikao cha asubuhi. Sista alilia. Akaniambia malalamiko ya ndugu wa wagonjwa ameitiwa ofisini mara nyingi, lakini barua ya shukrani ndiyo ya kwanza kuipata tangu aanze kazi. Sasa imo kwenye faili lake, na ikifika Mei Mosi wakitafuta mfanyakazi bora, watakuwa na cha kusoma. Najivunia barua ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika hapa.

Basi, dada, andika. Jina usipolijua, tarehe na zamu vinatosha, orodha ya zamu ipo. Usimpe hela mkononi, utamponza, itaitwa rushwa. Picha za vidonda vya kaka yako usizirushe mtandaoni. Mtaje na aliyepiga deki damu ile, na afisa ustawi wa jamii kama alihangaika na bili yenu. Tena mchangie damu: mdogo wangu aliongezewa chupa 3 za watu tusiowajua. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mimi nimeanza.

Na nyinyi mnaookota mawe mkisikia yowe, jueni mkimaliza mnakwenda kulala. Kuna binti wa watu anabaki usiku kucha akishona mlichopasua, na kesho yake hamumpi hata salamu kwenye daladala.

Barua ile mdogo wangu alitaka aitie sahihi mwenyewe. Mkono wa kulia haujarudi vizuri, akatumia wa kushoto. Ilichukua muda mrefu. Muuguzi mkuu aliweka simu yake chini, akasubiri.