Miti ilizuia nini mbele ya bunduki?
Ndugu uliyeuliza hivyo, boma la miti la kujikinga vitani halikuwa fensi ya mbuzi jamani. Magogo yanachimbiwa yakibanana, ncha juu zimechongwa, nje handaki na udongo wake ndo unashindiliwa kwenye mashina, adui akifika hapo mbio zimeisha na wewe unampiga ukiwa ndani. Japani mwaka 1575, pale Nagashino, wapanda farasi wa ukoo wa Takeda walikwama kwenye uzio wa miti, nyuma yake watu na bunduki. Wamakonde wetu huku juu Newala vichaka vizito tu vilitosha kuwa boma. Shida ni moto na mchwa, nguzo zangu za shamba zilikatika usawa wa ardhi, mzee akanifundisha kuunguza kwanza ile ncha ya chini, hizo bado zimesimama.